Blanketi, sweta na koti: namna ya kufunga zawadi za binti yetu

(Kikundi cha familia, Alhamisi jioni)

Dada wa Kisasa: Shikamooni wazazi wetu, na kwa wenzangu habari za jioni. Zawadi za send-off ya mdogo wetu zimeshafika zote hapa nyumbani: blanketi zito la watu wawili, sweta tatu za sufu, koti refu lenye manyoya ndani na vitenge viwili. Naomba ushauri wa kuzifunga kabla ya Jumamosi, kwa sababu karatasi za zawadi ninazo, lakini nguo za namna hii ukizizungushia karatasi moja kwa moja zinavimba katikati, hazina pembe ya kushikia mkunjo, na karatasi yenyewe inachanika pale panapobonyea.

Mama Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Binti anakwenda kuishi Njombe, na baridi ya kule mwezi wa Juni na wa Julai haifanani na hiki kibaridi chetu cha asubuhi hapa Dodoma. Ndiyo maana kikao kilikubali nguo nzito badala ya vyombo. Ni michango ya ukoo mzima, hivyo naomba zisiingie ukumbini zikiwa zimevimbavimba.

Kaka wa Nkuhungu: Shikamooni. Kwa nini tusitafute mfuko mmoja mkubwa wa plastiki, tukatia kila kitu humo, tukafunga mdomo kwa utepe?

Mjomba wa Kondoa: Marahaba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kijana wangu, na sioni sababu ya kuanza kuitafuta kwa ajili ya sherehe ambayo watu watapiga picha.

Kaka wa Nkuhungu: Nimekuelewa, Mjomba. Basi tutumie lile begi kubwa la safari linaloitwa “shangazi kaja”.

Shangazi wa Mpwapwa: Shangazi yumo humu kikundini na anasoma kila kitu. Begi hilo litabaki nyumbani.

Mama Mdogo wa Majengo: Habari za jioni, wanangu, shikamoo, Dada. Kwa kuwa kazi ya kufunga zawadi naifanya dukani karibu kila mwisho wa juma, niruhusuni nieleze kwa kirefu. Karatasi haiwezi kuipa nguo umbo, karatasi hufuata umbo inalolikuta, kwa hiyo nguo laini ni lazima ipewe mifupa kwanza. Tuanze na sweta. Omba katoni tupu kwenye duka lolote la jumla, kata kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa daftari kubwa, kisha ilaze sweta kifudifudi juu ya meza iliyofutwa vumbi. Weka kadibodi katikati ya mgongo, chini kidogo ya kola, kunja ubavu mmoja pamoja na mkono wake juu ya kadibodi, mkono uteremke wima bila kuvuka upande wa pili, fanya vivyo hivyo kwa ubavu mwingine, halafu pandisha sehemu ya chini hadi ifike mabegani. Ukiigeuza utaona kifua kimenyooka na kingo zimekaa sawa. Tafadhali usibandike selotepu kwenye sufu, kwa sababu ikibanduliwa inaondoka na nyuzi.

Dada wa Kisasa: Asante sana, Mama Mdogo. Je, sweta zote tatu zifungwe pamoja au kila moja peke yake?

Mama Mdogo wa Majengo: Ziweke pamoja katika boksi moja, lakini usizipange zote kola upande mmoja, maana upande wa kola ndio mnene na boksi litainuka kama paa la banda. Ya kwanza ielekee kaskazini, ya pili kusini, ya tatu kaskazini tena. Nafasi itakayobaki pembeni ijaze kwa karatasi laini iliyofinyangwa, ili mfuniko ukae bila kubonyea. Kabla ya kukata karatasi ya nje, izungushe kwenye boksi na uache ncha zipishane kwa sentimita 3 au 4. Kule miisho, karatasi ivuke ukingo kwa theluthi mbili hivi za kimo cha boksi. Watu wengi huacha karatasi nyingi miishoni wakidhani wanajihami, na hiyo ziada ndiyo inayojikusanya na kuleta yale mavimbe mnayoyaona kwenye zawadi nyingi. Mkunjo wa mwisho uwekee gundi ya utepe inayonata pande zote mbili, isionekane kwa nje.

Baba Mdogo wa Makole: Ikiwa karatasi ni fupi, na hizi zinazouzwa moja moja mara nyingi ni fupi, je, tuunge mbili?

Mama Mdogo wa Majengo: Kwanza jaribu kuliweka boksi mshazari juu ya karatasi, Shemeji, kwa sababu mara nyingine pembe nne zinatosha kukutana juu hata pale ambapo upande ulionyooka ulikataa. Ikishindikana, unga mbili, na maungio yakae chini ya boksi.

Dada wa Kisasa: Koti nalo nilifanyeje? Nimelipima kwa macho, haliwezi kuingia kwenye boksi lolote nililonalo.

Mama Mdogo wa Majengo: Koti lifunge zipu mpaka juu, kwa kuwa zipu iliyo wazi huchana karatasi kutoka ndani, kisha ulikunje ili upande wa zipu ubaki ndani na mgongo uwe nje. Kola ijazwe karatasi laini isilale. Angalia mifukoni, toa lebo ya bei na pini zote. Boksi la duka la vifaa vya umeme litalitosha. Nitakutumia moja kesho.

Shangazi wa Mpwapwa: Hayo yote nayakubali, lakini blanketi naomba lisiguswe na karatasi kabisa. Blanketi lifungwe kwa khanga, kwa sababu khanga haichaniki, inatanuka na kubana kadiri mzigo unavyotaka, na baada ya kufunguliwa inabaki kuwa zawadi ya pili. Karatasi itaishia jalalani Jumapili asubuhi.

Mama Mkubwa: Wifi, nina wasiwasi kwamba upande wa bwana harusi wataona tumefunga mzigo wa safari na si zawadi.

Shangazi wa Mpwapwa: Itategemea namna litakavyofungwa, Wifi. Blanketi likunjwe mara mbili kwa urefu, kisha liviringishwe taratibu huku mtu akikandamiza kwa goti ili hewa itoke, na lifungwe kwa vipande viwili vya kitambaa lisifumuke. Khanga si mraba, ina urefu wa mita moja na nusu hivi na upana wa mita moja na kidogo, kwa hiyo pindo moja la upande mfupi likunjwe ndani kwanza. Blanketi liwekwe katikati ya mji, yaani ile sehemu ya ndani iliyozungukwa na pindo, mapindo marefu yaliyo juu na chini yapandishwe yakutane, na ncha za kushoto na kulia zifungwe fundo juu. Jina la khanga lionekane mbele. Na jina hilo lichaguliwe na mtu mzima, tafadhali, maana zipo khanga zenye vijembe, nasi hatutaki binti aingie kwa mama mkwe wake na ugomvi uliochapishwa.

Mjomba wa Kondoa: Namuunga mkono Shangazi, na ninaongeza jambo ambalo halijatajwa. Jumapili zawadi hizi zitapanda basi kupitia Mtera na Iringa hadi Njombe, na karatasi yoyote itakayowekwa kwenye buti la basi haitafika nzima. Zaidi ya hayo, ukumbini tutaingia tukicheza huku zawadi ziko juu ya vichwa, na blanketi lililofungwa kwa khanga linakaa kichwani vizuri kuliko boksi.

Mama Mkubwa: Hapo kwenye kucheza mmenishinda. Blanketi liende kwa khanga, ila khanga iwe mpya na ifuliwe kwanza, kwa kuwa khanga ya dukani huwa ngumu na fundo lake halikai.

Baba Mdogo wa Makole: Na vitenge?

Mama Mdogo wa Majengo: Vitenge viviringishwe, vifungwe kwa karatasi na kusokotwa ncha mbili kama pipi. Ni kazi ya dakika chache.

Dada wa Kisasa: Nashukuru sana. Basi naomba kesho saa kumi jioni tukutane hapa Kisasa. Mama Mdogo atakuja na boksi la koti na gundi ya pande mbili, Shangazi atachagua khanga, na karatasi ya sweta ninayo. Madirisha nitayafunga mapema, kwa sababu upepo wa siku hizi unaingiza vumbi jekundu, na lile blanketi ni jeupe.

Kaka wa Nkuhungu: Nami nije na nini?

Shangazi wa Mpwapwa: Wewe njoo na goti.