Tupeane uzoefu: imani ilikubebaje kabla jibu la maombi halijafika?

Mleta mada, Mikindani

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo makanisani tunalipita mbio. Shuhuda nyingi za Jumapili husimuliwa mambo yakiwa yamekwisha kunyooka: mgonjwa amepona, kazi imepatikana, kesi imefutwa. Mimi naomba habari za kule katikati, wakati mtu bado anaomba na hajui mwisho utakuwaje.

Mke wangu anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, kwa kuwa figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Mkononi ametengenezewa mshipa wa kuunganishia mashine, ambao ukiuwekea kidole unausikia unatetema, na kila asubuhi, kabla hata ya kusali, tunaugusa kwanza kuhakikisha kwamba bado unatetema. Akiingia kwenye mashine, sisi ndugu tunangoja nje kwa takribani saa nne, tukiwa tumeshajuana kwa sura na kuulizana presha ya mgonjwa imeamkaje. Pale ndipo nimeisoma Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Bwana "hata lini", nikaona kwamba mwandishi wake anafika kwenye wimbo wa mstari wa mwisho bila kutuambia popote kwamba adui ameondoka. Ninyi mlisimamaje? Nasaha ninazo za kutosha, nipeni mliyoyaona.

Binti wa Mtongwe

Kaka, pole kwa kuuguza. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi feri ya Mtongwe, hapa Mombasa, ilipopinduka asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, na watu zaidi ya 270 wakafa maji karibu kabisa na nchi kavu. Baba yangu alikuwa miongoni mwao, akivuka kwenda kazini kisiwani kama ilivyokuwa desturi yake.

Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 3 Aprili, kwa hiyo tulizika tukiwa bado ndani ya majira ya Pasaka. Mshumaa mkubwa ulikuwa ungali umesimama karibu na altare, na kwaya ilikuwa haijaziweka kando nyimbo za ufufuko. Mama alikasirika. Alimwambia padri mbele yetu sote kwamba yeye hawezi kuimba aleluya ilhali nguo za mumewe hazijakauka maji ya bahari. Padri hakumkemea wala hakumfungulia Maandiko, alimjibu tu, "Basi usiimbe, mama. Tutakuimbia sisi."

Wakamwimbia kweli. Kwa muda mrefu mama alikaa kanisani midomo imefumba, wanajumuiya wenzake wakiimba kushoto na kulia kwake, na jioni walikuja nyumbani wakiwa na unga, makaa na rozari, wakasali fumbo baada ya fumbo bila kumtaka aitikie. Siku aliyorudi kuimba hakuna anayeikumbuka, hata mwenyewe, maana ilimjia kidogo kidogo. Ndiyo maana nikisikia mtu akiambiwa kwamba imani yake ni haba kwa sababu analia, huwa natamani angekutana na padri yule.

Mama Mahamri, Bamburi

Nilikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya ufukweni. Machi 2020 korona ilipowaondoa wageni tulipewa likizo isiyo na malipo, na mwezi huohuo makanisa yakafungwa. Nilipopatia riziki na nilipopatia faraja pakafungwa kwa pamoja.

Nikaanza kupika mahamri ya kuuza. Usiku wa manane nilikuwa nikikanda unga kwa tui na iliki, nikiusukuma na kuukata huku nikingoja kafyu iishe saa kumi na moja alfajiri ndipo nitoe karai nje. Maombi yangu yote ya mwaka ule niliyafanya mikono ikiwa ndani ya unga, na mengi yalikuwa malalamiko. Ramadhani ilipokaribia mwishoni mwa Aprili nilijua biashara imekufa, kwa kuwa wateja wangu wa asubuhi karibu wote ni Waislamu. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ninayemwita shangazi, akaniambia nihamishie mapishi alasiri, kisha akajifunga leso akapita nyumba kwa nyumba kunikusanyia oda za futari. Nilikuwa nimemwomba Mungu afungue hoteli. Hakuifungua, lakini sijaweza kusema kwamba hakunisikia.

Julai makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa, waumini walitakiwa wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani pamoja na watoto wa chini ya miaka 13. Mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kukosa Ushirika Mtakatifu kwa hiari yake, alisema kwamba serikali imemrudisha shule ya Jumapili. Saa ya ibada ilipofika alivaa sare yake ya akina mama, akaketi kibarazani, akaimba peke yake mpaka mwisho. Hotelini sijarudi hadi leo.

Kijana wa Changamwe

Kwetu ni familia ya lori. Reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 ilipoanza kubeba makontena, safari za baba zilipungua hadi gari likawa linalala uani wiki nzima, na mhubiri mmoja akatuambia tupande mbegu, yaani tumtolee sadaka ya fedha, ili mlango ufunguke. Karo ya mdogo wangu ikaenda na ile mbegu, na mlango ukabaki ulivyokuwa. Aliyeniponya na hasira ile ni Habakuki katika sura ya 3, anayehesabu mtini usiochanua na zizi lisilo na ng'ombe, halafu anasema "Walakini nitamfurahia BWANA" bila kumtoza mtu hata senti.

Mwalimu mstaafu, Rabai

Wanangu, sisi tunaoishi huku tumelelewa juu ya habari za watu waliongoja sana. Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huohuo homa ikamuua mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga wa kike naye akafa. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, wakati mwanamume yule hana hata muumini mmoja wa kumwonyesha. Aliendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko hadi mwenzake Johannes Rebmann alipomfikia mwaka 1846, wakaanzisha kituo hapa Rabai. Rebmann alidumu mpaka mwaka 1875, akaondoka macho yake yakiwa hayaoni, na waliobatizwa kwa miaka hiyo yote walikuwa wachache mno.

Nilipofiwa na mwanangu wa kwanza nilikuwa nikifundisha darasa la kipaimara, na badala ya kuahirisha somo niliwapeleka vijana kwenye kaburi lile. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini huyu baba hakurudi kwao?" Sikuwa na jibu la kumpa, na wenzake wakalijadili wenyewe ndani ya matatu mpaka tukafika Mazeras.

Mleta mada, Mikindani

Asanteni sana, na shikamoo, mwalimu. Dada wa Mtongwe, jibu la yule padri nimemsimulia mke wangu tukiwa kwenye foleni, akaniambia kwamba kwetu ataimba yeye, mimi ndiye ninyamaze, kwa kuwa sauti yangu anaijua. Anataka kuwa akijisomea mwenyewe akiwa kwenye mashine, ila macho yamedhoofika. Nimnunulie Biblia ya herufi kubwa?

Binti wa Mtongwe

Biblia nzima ya herufi kubwa ni nzito, kaka, na mkono wenye mshipa ule hautakiwi kubebeshwa mzigo. Ulizia Agano Jipya lenye Zaburi, ambalo ataweza kulishika kwa mkono mmoja. Ukikosa la herufi kubwa, pakua Biblia ya Kiswahili kwenye simu yake na umkuzie maandishi. Mwanzishe kwenye Zaburi ya 88, ambayo haina mstari hata mmoja wa kufurahi mwishoni. Mama yangu aliipenda kuliko zote.