Kwa baiskeli kando ya Ziwa Kivu: tujiandae vipi?

Swali
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Sisi ni wawili wa Kisauni, na tumenuia kuzuru Rwanda kwa baiskeli kando ya Ziwa Kivu. Mazoezi yetu ni barabara ya Mtwapa hadi Kilifi. Je, yatatosha?

Jibu la kwanza
Waalaykum salaam. Hayatoshi, ndugu yangu, nami nasema hivyo kwa kuwatakia heri. Njia ya Congo Nile, yenye kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kupitia Karongi, ni vilima mfululizo: mnateremka hadi karibu na maji, ambayo yenyewe yako takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kisha mnapanda tena kati ya migomba, kahawa na chai, na hali huwa hiyo kutwa nzima. Itengeeni siku tano. Kabla ya hapo nendeni Wundanyi, mkapande vilima vya Taita mkiwa na mizigo yote, kwani baiskeli tupu haiwapi picha kamili. Gia nyepesi na breki madhubuti ndizo za kugharimia.

Jibu la pili
Naongeza mawili. Kule magari hupita upande wa kulia, na aliyezoea kushoto husahau hasa asubuhi, anapoanza safari barabara ikiwa tupu. Pili, epukeni miezi ya Machi hadi Mei, kwa sababu sehemu za udongo hugeuka tope linalonasa magurudumu. Mkikutwa na mvua, hamieni barabara ya lami.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Tutaanza na Wundanyi, inshallah.