Mnauza komiki ambazo hamjawahi hata kuzifungua!

Wakuu, leo nina hasira na sitazimeza.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta toleo moja la komiki za Marvel, wachapishaji wa Marekani, la mwaka 1974. Si toleo la bei ya kutisha. Hakuna shujaa anayejitokeza humo kwa mara ya kwanza, na hadithi yenyewe ninayo tayari kwenye kitabu cha mkusanyiko. Nilichokuwa nataka ni ukurasa wa barua za wasomaji. Wanaosoma mikusanyiko wananielewa: hadithi za zamani zikichapishwa upya, mara nyingi barua na matangazo huachwa. Ukitaka kujua wasomaji wa wakati ule walisema nini hadithi ikiwa bado ya moto, itakubidi ulitafute toleo lenyewe.

Nikampata muuzaji. Kabla ya kulipa nikamuuliza swali moja tu, kwa maandishi: kurasa zote zipo, hakuna palipokatwa? Akajibu, "Iko kamili mkuu, safi kabisa." Picha alizonitumia zilikuwa mbili, jalada la mbele na jalada la nyuma. Na kweli jalada linang'aa, kona zimesimama, pini hazina kutu.

Mzigo ukafika. Nikanawa mikono, nikaikausha, nikaitoa komiki kwenye mfuko taratibu na kuilaza mezani. Nikafungua ukurasa mmoja mmoja mpaka kwenye barua. Nikakuta dirisha! Tundu la pembe nne, limekatwa kwa mkasi, upande mmoja umekwenda mshazari kama vile mkono ulitetereka. Mkasi umepitiliza, umekula mistari ya mwisho ya barua moja. Nikiinua ukurasa naona meza yangu.

Wakongwe wameshajua ni nini. Mwaka 1974 Marvel walianza kuchapisha stempu ndogo zenye picha za wahusika wao kwenye kurasa za barua. Seti ya kwanza ilikuwa na stempu 100, na watoto waliambiwa wazikate na kuzibandika kwenye kijitabu maalumu. Wakazikata kweli. Ndiyo maana Hulk namba 181 ya mwaka huohuo, ile ambayo Wolverine anaingia kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu, swali la kwanza ukitaka kuinunua ni "stempu ipo?" Ikikosekana, bei inaporomoka. Kila anayeuza komiki za miaka ile analijua hilo, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia jamaa hakujua pa kuangalia.

Na nieleweke vizuri: simlaumu mtoto aliyeshika mkasi. Yule aliisoma. Alifanya alichoambiwa na komiki yenyewe, na naamini alifurahi. Ninayemlaumu ni mtu mzima aliyeniapia kwamba kurasa zote zipo bila kugeuza hata ukurasa mmoja.

Nilipomwandikia, mnajua alinijibu nini? "Sasa mkuu wewe unafungua ya nini? Jalada si zuri? Weka kwenye plastiki, tundika ukutani." Hela hajarudisha. Nikawaeleza wakusanyaji wenzangu, nusu yao wakamtetea. Mmoja akaniuliza kama nimefikiria kuipeleka ikapimwe hali, huenda jalada likaibeba alama. Hakuna hata mmoja aliyeuliza barua ilikuwa inasema nini.

Hapo ndipo moto uliponiwakia, kwa sababu ugonjwa huu si wa muuzaji mmoja. Siku hizi mtu akipata toleo la zamani anawaza kulipiga pasi mikunjo iondoke, kulifungia kwenye kasha gumu la plastiki, kupata namba ya kupima hali yake pale juu, na kusubiri bei ipande. Ukilifungua kasha usome, namba imekufa. Yaani tumefika mahali kusoma kunahesabika kuwa ni kuharibu!

Tukumbushane kifo cha Superman. Tarehe 18 Novemba 1992, Superman namba 75 ilitoka ndani ya mfuko mweusi, na kitambaa cheusi cha msiba cha kuvaa mkononi. Watu wengi waliinunua na kuificha hivyohivyo, mfuko haujaguswa, wakiamini wameweka akiba ya uzeeni. Matokeo yake, nakala za mfuko mweusi zimejaa mpaka leo, kwa sababu kila mtu aliitunza ileile. Na walichokosa ndicho kinachoniuma zaidi. Katika matoleo matatu yaliyotangulia, hesabu ya fremu, yaani visanduku vya picha, ilikuwa inashuka: toleo la kwanza fremu nne kila ukurasa, la pili tatu, la tatu mbili. Ukifika namba 75, aliyoiandika na kuichora Dan Jurgens, kila ukurasa ni picha moja. Unageuza, ngumi. Unageuza, ngumi nyingine. Unakisikia kifo kinakuja mkononi mwako, kwenye kugeuza kurasa! Hilo huwezi kulipata kwa kuutazama mfuko mweusi.

Au ichukueni Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962. Mwaka 2021 nakala moja iliuzwa dola milioni 3.6. Kila mtu anajua Spider-Man alizaliwa humo. Waulizeni wanaoipigia hesabu kama wanajua hadithi yake ina kurasa 11 tu, na kwamba humo ndani kuna hadithi nyingine tatu, zote zimechorwa na Steve Ditko yuleyule. Mimi nimeuliza. Nimeambiwa hizo hazina thamani.

Halafu mtu ananiambia ukurasa wa barua ni takataka. Ukurasa wa barua ndio uliotuzaa sisi! Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhariri Julius Schwartz wa DC, wachapishaji wa Superman, alianza kuchapisha barua pamoja na anwani kamili za walioziandika. Mashabiki wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, wakabishana, wakaanzisha vijarida vyao. Huu ubishi wetu wa nani mkali na nani kachora vizuri ulianzia kwenye vile vijisafu vya maandishi madogo ambavyo leo mtu anaviuza bila kuviangalia.

Wauzaji, nisikilizeni. Hesabuni kurasa. Pigeni picha za ndani, ukurasa wa barua ukiwemo. Kama toleo limefungiwa na hujaliona ndani, sema hujaliona. Si aibu. Aibu ni kuandika "kamili" kwa kutazama jalada.

Na ninyi wengine, nina ombi. Picha ya jalada na namba ya toleo nimezipachika hapo chini. Mwenye nakala yake, tafadhali ifungue, hata kama ni mara ya kwanza, unipigie picha ya ukurasa wa barua. Ni barua ya tatu. Msomaji anasema hakuubali mwisho wa hadithi, anaanza kueleza sababu, na hapo mkasi unapita. Nataka kujua alisema nini.