Autograph ni bendi ya wimbo mmoja? Tusidanganyane

Mzee wa Kaseti
Wakuu, kila zikitajwa bendi za Los Angeles za miaka ya 80, zile za nywele zilizotimuliwa na suruali za kubana, Autograph inapewa sentensi moja tu: "Turn Up the Radio", imeisha. Wale watu walizunguka na Van Halen mwaka 1984 wakiwafungulia maonyesho huku mkataba wa kurekodi hawana. Kampuni ya rekodi ya RCA ikawachukua, albamu yao Sign In Please ikatoka mwaka huohuo na ikapata tuzo ya dhahabu ya mauzo Marekani. Ni haki kuwaita bendi ya wimbo mmoja?

Tarumbeta
Haki kabisa. Wimbo uliingia ishirini bora, baada ya hapo kimya. Kinanda kingi, nywele nyingi, na yule mpiga gitaa wao wa solo ni Eddie, yule wa Van Halen, wa mtumba.

NyuziSita
Ishirini bora ya wapi? Namba 29 kwenye Hot 100, chati ya Marekani, mwaka 1985. Hilo nakusamehe. La "Eddie wa mtumba" sikusamehi. Huyo mpiga gitaa wao, Steve Lynch, alisoma GIT, chuo cha gitaa pale Hollywood, na mbinu yake chanzo chake ni Emmett Chapman, aliyeanza kugonga nyuzi kwa mikono miwili mwaka 1969 na baadaye akabuni chombo chake, Stick. "Eruption", solo maarufu ya Eddie, ni ya 1978. Halafu sikiliza vizuri: Eddie pale anagonga kwa kidole kimoja cha kulia, kushoto kunamalizia. Lynch anashusha vidole vinne vya kulia, kila kimoja na noti yake, na anaruka kutoka uzi hadi uzi. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Tarumbeta
Povu la nini mkuu? Kidole kimoja, vinne, kumi, mimi nasikia tiriri-tiriri ileile.

Dada Ampu
Kwa sababu unasikiliza kasi badala ya noti. Kidole kimoja kinakupa noti moja ya juu na mbili za kushoto, zinazunguka kama cherehani. Vidole vinne vinakuwezesha kutandaza akodi nzima, noti zilizoachana mbali kuliko mkono mmoja unavyoweza kutanuka. Na ugumu wake wala si kasi. Ni kelele. Ukigonga kwa kidole kimoja, kiganja cha kulia bado kinaweza kuegemea nyuzi nene na kuzinyamazisha. Ukitaka vinne vifike, kiganja lazima kinyanyuke, na hapo nyuzi zote zilizo wazi zinaanza kulia zenyewe, hasa ukiwa na distoshani kubwa, ule mkwaruzo wa sauti wa ampu.

Pweza wa Tanga
Mimi wimbo naujua kwenye gemu la Vice City, redio ya V-Rock 😂

Tarumbeta
Si ndiyo hayo! Mtu kaijua bendi kwenye gemu la 2002 akiiba magari, leo anatetea urithi.

Pweza wa Tanga
Kaka, nimetetea nini hapo? Soma kwanza. Na hata hivyo wimbo uliowekwa kwenye gemu miaka 18 baada ya kutoka si wimbo uliokufa.

Mzee wa Kaseti
Jamani, bendi. Kuna albamu zao, That's the Stuff ya 1985 na Loud and Clear ya 1987. Kuna aliyezisikiliza?

Fundi Shingo
Dada Ampu kasema kweli lakini kaacha dawa. Funga kitambaa laini au ile mpira ya kubania nywele juu ya freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo ya gitaa), isibane sana. Si kwa ajili ya nyuzi wazi tu. Kidole cha kushoto kikigonga uzi bila kuchunwa na piki, kile kidude cha kuchunia nyuzi, uzi unalia pande zote mbili: upande wa daraja, kule nyuzi zinakoshikwa kwenye mwili wa gitaa, ambao ndio unaoutaka, na upande wa nyuma kuelekea kichwa cha gitaa. Ule wa nyuma ndio unaotoa mlio wa ajabu ambao watu wanadhani ni ampu mbovu.

Tarumbeta
Kitambaa! Yaani tunamsifu mtu anayefunga gitaa bandeji. Anayejua kupiga ananyamazisha kwa mikono yake.

NyuziSita
Mikono ipi wakati yote miwili ina kazi? Leo umekuwa mwalimu wa gitaa wakati dakika kumi zilizopita unasikia "tiriri".

Dada Ampu
Tarumbeta ana hoja nusu. Kitambaa kikishakuwepo, noti za nyuzi wazi umezipoteza, kwa hiyo kwenye wimbo wenye rifu (kipande kifupi kinachorudiwarudiwa) na solo lazima ukisogeze nyuma ya freti ya kwanza, juu kule kwenye kichwa, kisha ukirudishe solo ikifika. Asiyetaka usumbufu huo aanze na sauti safi. Zima distoshani kabisa, metronomu mapigo 60 kwa dakika, noti tatu kwa kila pigo. Gonga karibu na chuma cha freti, si katikati. Ukiondoa kidole usikinyanyue wima, noti itakufa. Kivute pembeni kidogo kama unauchuna uzi. Kidole cha pete ndicho kitakachokuangusha: kinagonga kwa unyonge, distoshani inakuficha, siku ukizima unasikia mashimo.

Fundi Shingo
Na gitaa lenyewe liwe tayari. Kwa seti ya nyuzi nyembamba za namba 9, kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 kiwe milimita 1.5 uzi mwembamba, 2 uzi mnene. Ukishusha zaidi zinakwaruza freti.

Pweza wa Tanga
Langu lina 1.5 na bado linakwaruza freti tano za mwanzo.

Fundi Shingo
Basi kimo kiache, shingo yako imenyooka kupita kiasi au imepinda kwenda nyuma. Bana uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Unataka robo ya milimita hivi. Kama uzi umelala juu ya freti, legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, tyuni upya, pima tena. Usizungushe nusu kwa mara moja.

Tarumbeta
Na mpira wa nywele tunatoa kabla au baada ya kupima?

Fundi Shingo
Kabla. Nao unagandamiza uzi, vipimo vitakudanganya.