Fumbo la kusaka boksi kwa GPS, nirahisishe au niache lilivyo?

Mtegaji: Wakuu salama? Naandaa jiokeshi ya fumbo (boksi lililofichwa watu walisake kwa GPS), yani hupewi koodineti, zile namba za mahali lilipo, mkononi mpaka uchemshe kichwa kwanza. Nimeandika kahadithi kafupi, neno la mwisho la kila sentensi unahesabu herufi zake unapata tarakimu moja, ukimaliza unazo namba zote za baada ya nukta kwenye koodineti. Mimi naona liko wazi kabisa ila niliowapa wajaribu wamekwama, mmoja kapata namba zake akafata GPS ikampeleka katikati ya bwawa 😂 Nipunguze ugumu?

BabuDira: Ugumu sio kesi mkuu, kesi ni mtu akikosea anajuaje kakosea? Boksi la fumbo kwa kawaida halitakiwi kuzidi kilomita 3.2 toka ile pointi ya uongo unayoonyesha kwenye ramani, kwahiyo digrii (namba za mwanzo za koodineti) msakaji anazo tayari na dakika (zinazofuata, kabla ya nukta) anaweza kuzikisia. Sasa wewe hizo umeziruka, na ndo zenye faida! Zitie nazo mwanzoni mwa hadithi, akihesabu akaona digrii zimekubali anajua kashika njia, zikikataa anabaki nyumbani anafikiria upya.

Sele_wa_Ramani: Swali la kizushi, sifuri umeiandikaje? Maana neno lisilo na herufi hakuna

Mtegaji: Neno la herufi 10 ndo sifuri, mfano nimetumia "kukumbusha"

Sele_wa_Ramani: Haya bwawa limepatikana 🤣 wengine sh tunaihesabu moja, hapo napata 9. Na 9 badala ya 0 kwenye tarakimu ya kwanza baada ya nukta ya dakika, upande wa kaskazini-kusini, ni kama kilomita 1.7 hiyo. Ingekuwa tarakimu ya tatu ni mita 17 tu, mtu angezunguka zunguka akaliona. Tupa maneno yote yenye sh, ch, ng', dh na ndugu zake, weka "kupatikana", hiyo haina ubishi.

Mtegaji: Duh, hilo sikuliwaza kabisa. Na ile 10 kuwa sifuri niwaambie au wajiongeze?

BabuDira: Wajiongeze, lakini digrii zako zikiwa na sifuri ndani watainasa hapo hapo bila kuambiwa. Alafu chini ya hadithi andika jumla ya tarakimu zote, namba moja tu. Haimpi mvivu chochote ila aliyekosea hesabu anajigundua.

Nuktanukta: Mi naongezea moja, fumbo likiwa gumu maficho yawe mepesi. Mtu kaumiza kichwa wiki nzima alafu akifika unamwambia apande mti? Hapana aisee. Na usilifukie ardhini, hairuhusiwi bila idhini ya mwenye eneo.

Mtegaji: Liko nyuma ya jiwe usawa wa goti. Naandika hadithi upya leo usiku, nani hajasoma uzi huu nimpe ajaribu? 😅