Mrejesho: kadi ya kredit na rekodi yangu ya CRB

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule wa Kampala niliyeuliza kama kadi ya kredit inaweza kunisaidia kusafisha rekodi CRB (ile taasisi inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu), baada ya mkopo wa duka la Kikuubo kukwama kipindi cha lockdown 2020. Deni lenyewe nilishalimaliza ila benki zilikuwa bado zinanikwepa.

Basi nikafuata ule ushauri wa kadi ya dhamana, yaani unaweka hela akaunti ya muda maalumu alafu wanakupa limiti kulingana nayo, mwanzo niliona kama utani, nikopeshwe hela yangu mwenyewe? Lakini malipo yanaripotiwa CRB, hiyo ndo faida yake. Naitumia kwa petroli na supamaketi tu, steitimenti ikija nalipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, sio ile minimamu (kiasi kidogo wanachokubali ulipe kwa mwezi), hapo riba hainigusi. Kutoa keshi ATM kwa hiyo kadi sithubutu, riba inaanza siku hiyohiyo na ada juu.

Ile ya kutotumia zaidi ya asilimia 30 ya limiti mliyonisisitizia ni hesabu ya Marekani zaidi, kule kwenye skoo ya FICO (alama wanayompa mkopaji kuonyesha anavyoaminika) historia ya malipo ina uzito wa 35% na kiasi unachodaiwa 30%, ila naifuata tu, haina hasara.

Ripoti mpya nimeshaichukua, lile deni linasomeka limelipwa na kadi haina mwezi uliochelewa. Sacco yetu wamenipa fomu ya mkopo mdogo, mama watoto anasema nisubiri kwanza bei ya mahindi itulie, na kwa hesabu huwa hakosei huyo.