Naombeni ushauri: mshahara hautoshi tena, nataka kulima mboga nyumbani, nianze na nyanya au mboga za majani?

Baba Wawili (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja. Mimi ni mwajiriwa, nina mke na watoto wawili, mshahara wangu ni ule ule mwaka wa tatu huu lakini kila nikienda kununua mahitaji narudi na kapu jepesi kuliko mara iliyopita. Zamani chakula kilikuwa kinakula kama robo ya mshahara, sasa hivi kinakula nusu, na hapo bado umeme, nauli, ada na gesi. Tumeshajibana kila tunapoweza. Nyama mara moja kwa wiki, taa zote tumeweka za LED, mimi nikitoka kazini narudi kwa mguu. Naona kilichobaki ni kulima mboga hapa hapa nyumbani, nyuma kuna uwanja kama hatua nane kwa sita. Swali ni moja tu na naomba tusitoke nje ya mada: nyanya au mboga za majani? Nataka kitu kitakachorudisha pesa haraka. Nikipata majibu leo nitashukuru sana maana keshokutwa kuna jambo natakiwa niwe nimeshaamua.

Mkulima wa Veranda
Karibu mkuu. Kabla ya nyanya au majani nijibu hili, hapo nyuma jua linakaa saa ngapi? Nyanya inataka saa sita mpaka nane za jua la moja kwa moja, chini ya hapo utapata majani marefu na matunda ya kuhesabu. Mboga za majani zinavumilia kivuli kidogo na kuanzia mbegu mpaka kuchuma ni kama siku 30 mpaka 45, halafu ukichuma majani ya nje tu ukaacha moyo wa mche unaendelea kula wiki na wiki. Kwa mtu anayetaka kupunguza matumizi haraka jibu ni majani. Vitunguu vya majani navyo usitupe vile vishina vyenye mizizi, vichomeke kwenye udongo vinachipua tena.

Mzee wa Hesabu
Keshokutwa kuna nini?

Shangazi Mchapakazi
Wanangu mimi nasema tatizo la nyumba nyingi siyo bei, ni pipa la taka. Kabla hujashika jembe kaa wiki moja uandike kila kinachotupwa jikoni kwako, utashangaa. Mimi nilifanya hivyo mwaka ambao mume wangu alisimamishwa kazi, nikakuta natupa mkate, wali wa jana, nyanya zilizolainika, maziwa yaliyoganda, yaani kila siku ya saba nilikuwa natupa mlo mzima wa siku moja. Nikaanza kupika kwa kipimo cha kikombe. Maharage nikawa naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji naweka mapya, yanachemka sana kwanza kama dakika kumi ndio napunguza moto, gesi ikawa inanisukuma siku nyingi zaidi. Watoto walilalamika mwezi wa kwanza tu. Vijana wa siku hizi mnataka suluhisho la kununua, hata kubana matumizi mnataka kwanza mkanunue kitu.

Kifaru Mpole
Shangazi umenigusa, nimeenda kufungua friji langu nimekuta limao limekuwa jiwe. Naweka kiti hapa nasubiri wajuzi.

Baba Wawili
Ahsanteni. Jua lipo la kutosha kuanzia saa tatu mpaka saa kumi. Na nyanya zinakubali kabisa hapa, nimeshajaribu miche sita wiki tatu zilizopita na sasa hivi ninavyoandika kuna tatu zimefika ukubwa wa yai. Kwa hiyo ardhi siyo tatizo. Shangazi nimekuelewa ila sisi hatutupi chakula.

Binti Bahari
Nyumba ni yako kaka?

Mzee wa Hesabu
Nauliza tena, keshokutwa kuna nini? Mtu anayechagua kati ya nyanya na majani hana haja ya tarehe. Mbegu zitakuwepo hata mwezi ujao.

Baba Wawili
Ya kupanga, lakini mwenye nyumba hana shida na sisi, mkataba umebaki miezi minne na sioni kwa nini asituongezee. Mzee wa Hesabu keshokutwa ni mambo ya vifaa tu, kuna mtu ananiletea. Tusijadili hilo.

Msoma Historia
Kaka usijione uko peke yako. Machi 2022 kipimo cha bei za vyakula duniani cha FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kilipanda juu kuliko wakati wowote tangu kilipoanza 1990, baadaye kikashuka lakini nyumbani kwetu nani aliona kushuka? Na hili la kulima uani siyo la leo. Vita ilipoanza 1939 Uingereza serikali iliwaambia watu wachimbue hadi bustani za maua na viwanja vya michezo wapande viazi na kabichi. Marekani nako 1943 bustani za namna hiyo zinakadiriwa zilifika milioni 20, watu wa mjini kabisa ambao hawajawahi kushika udongo. Kuba baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika 1991 mafuta na mbolea vilikatika, Havana wakaanza kulima mboga kwenye viwanja vilivyokuwa wazi katikati ya mji. Ninachotaka kusema ni kwamba wote hao walianza na walichokuwa nacho, koleo na mabaki ya jikoni.

Njiwa wa Asubuhi
Mimi nilianza na kuku jamani msinikumbushe. Nilisoma mtandaoni kuku hamsini wanalipa, nikajenga banda zuri kuliko chumba changu cha kulala, chakula chao kikapanda bei kuliko changu mimi. Halafu mbolea yao nikaimwaga mbichi kwenye mboga za jirani nikijua namsaidia, ziliungua zote ndani ya siku nne. Mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Mbolea ya kuku lazima ioze kwanza wakuu, ichanganye na majani makavu, iache miezi kadhaa.

Binti Bahari
Miezi minne ya mkataba na unaleta vifaa. Vifaa gani kaka? Sema tu tukusaidie, mimi nilishawahi kuacha matuta yangu yote kwa mwenye nyumba, najua ninachokuuliza.

Baba Wawili
Sawa nisiwe mgumu. Ni tanki la maji, mabomba ya kumwagilia kwa matone, matuta manne ya mbao na udongo wenyewe uliochanganywa tayari, kuna jamaa anafunga kila kitu kwa siku moja. Nusu nimeshalipa. Nusu nyingine namalizia keshokutwa akileta. Najua mtasema ni ghali lakini nimepiga hesabu, mwaka mmoja na nusu pesa imerudi na baada ya hapo ni faida tupu. Mtu hawezi kulima kwa ndoo kama mtoto wa shule, nataka nifanye kitu kamili mara moja. Na vitu hivyo vinahamishika, nikihama nahama navyo.

Mkulima wa Veranda
Udongo wa matuta manne huwezi kuhama nao mkuu, jaribu kubeba ndoo moja ya udongo uliolowa uone. Mimi nina ndoo kumi na moja za lita ishirini, nimetoboa chini, nyingi niliokota zilikuwa za chakula (usitumie za rangi wala za dawa), na familia yangu hainunui mboga ya majani mwaka wa pili sasa. Mwaka mmoja na nusu kurudisha pesa na mkataba miezi minne, hapo hesabu umeiona mwenyewe.

Fundi wa Maneno
Wakuu samahani naomba nirudishe watu nyuma kidogo. Huyu bwana kasema kapanda nyanya wiki tatu zilizopita na zimefika ukubwa wa yai. Nyanya! Mbegu yenyewe inachukua wiki moja kuchomoza, mche unakaa kitaluni karibu mwezi, ukihamisha ndio unaanza kuhesabu siku 60 mpaka 80 na kitu hivi. Nyanya ya wiki tatu ina majani manne. Hii ni chai. Nimekaa humu miaka nafahamu harufu yake, kesho atakuja mtu na namba ya simu ya huyo "jamaa anayefunga kila kitu kwa siku moja".

Kifaru Mpole
Eeeh! Nilikuwa nishaleta mkate.

Njiwa wa Asubuhi
Ndio maana hataki kusema keshokutwa kuna nini. Nimeandika mambo ya kuku wangu yote kumbe ni tangazo.

Msoma Historia
Wasimamizi waangalie huu uzi.

Shangazi Mchapakazi
Mimi sidhani ni mwongo. Mwongo angejibu haraka, huyu anajibu kama mtu mwenye jiwe tumboni. Mwanangu, hizo nyanya ulizitoa wapi?

Baba Wawili
Sina namba ya mtu ya kutangaza na sitaweka. Nimetoka nje nimekaa kwenye ngazi naandika hapa, nisikilizeni.

Sikupanda mbegu. Nilinunua miche mikubwa kwenye vyungu, ilikuwa na maua tayari, huyo huyo jamaa ndiye aliniuzia. Mche mmoja kwa bei ambayo ningenunua nyanya za mwezi mzima, nikanunua sita. Nilitaka mke wangu aone matunda haraka akubali wazo lenyewe, nikamwambia ni mbegu nilizopewa na rafiki wa kazini. Aliamini maana yeye hajawahi kulima. Kila jioni anawapeleka watoto kuziangalia, mdogo kazipa majina.

Na ile nusu niliyolipa ni ya kodi ya nyumba. Tulikuwa tumeweka ya miezi miwili, kwa sababu mwaka jana tulichelewa na tuliapa haitatokea tena. Nimetumia ya mwezi mmoja. Mwezi wa pili ndio ninaotakiwa kumpa keshokutwa. Mke wangu hajui. Sikuiba, ni pesa niliyoitafuta mimi, na nia yangu ilikuwa tusiendelee kuishi kwa kuhesabu vitunguu. Nikiacha sasa hivi ile nusu inapotea bure. Ndio maana niliuliza nyanya au majani, nilitaka kujua kipi kitarudisha ile pesa kabla ya tarehe ya kodi.

Fundi wa Maneno
Nafuta neno chai. Samahani mkuu.

Mzee wa Hesabu
Hakuna. Hakuna mboga inayorudisha kodi ya miezi miwili kabla ya tarehe ya kodi, tuliweke hilo pembeni ili usiendelee kulitafuta. Ile nusu ya kwanza imeshatoka mfukoni, iwe utaendelea au hutaendelea imetoka. Unachoamua keshokutwa ni hii iliyobaki tu. Mpigie huyo jamaa usiku huu, asubuhi atakuwa ameshapakia gari. Mwambie huna pesa ya kumalizia, aje na vya thamani ya ulicholipa basi, au tanki peke yake kama linafika hapo, tanki linauzika. Akikataa umepoteza mwezi mmoja badala ya miwili.

Njiwa wa Asubuhi
Mimi banda la kuku nililimalizia kwa sababu nilikuwa nimeshanunua bati. Msikilize Mzee.

Binti Bahari
Kaka mimi ni mke wa mtu. Mume wangu angeniambia leo ningenuna wiki nzima, ningelala na watoto, sawa. Ila nikija kulijua siku mwenye nyumba anagonga mlango hapo ni jambo lingine kabisa, maana nitakuwa nimesimama mbele ya mtu baki ndio najua mambo ya nyumba yangu.

Baba Wawili
Mnaongea kama ni rahisi. Akijua ya kodi atajua na ya nyanya. Ya kodi naweza kuieleza, ni hesabu. Hizo nyanya sijui naanzia wapi.

Shangazi Mchapakazi
Anzia hizo hizo mwanangu. Mwambie ulizinunua na kwa nini. Kodi itafuata yenyewe.

Kifaru Mpole
Mkuu mimi sina ushauri ila nina ndoo nne za lita ishirini zimekaa tu. Kama hauko mbali njoo PM.

Baba Wawili
Nimempigia jamaa. Hajapokea, nimemwachia meseji kama Mzee alivyosema. Mke wangu ametoka kuanua nguo, amesimama pale kwenye vyungu na tochi ya simu. Ananiita anasema zile nyanya tatu zina weusi kwa chini kama zimeungua, ananiuliza rafiki yangu wa kazini alisema nini kuhusu hilo. Ngoja niende.

Mkulima wa Veranda
Nenda mkuu. Huo weusi chini siyo ugonjwa wa kuambukiza, madini ya kalsiamu ya kwenye udongo hayakufika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi, leo chungu kinalowa chapachapa halafu siku mbili kikavu. Hizo tatu zichume tu hazitapona. Mwagilia kidogo kila siku asubuhi, tandaza majani makavu juu ya udongo, zitakazofuata zinaweza kutoka safi.